Msamaha wa Rais na rekodi ya jinai

Pole sana, dadangu. Umesema kakako alihukumiwa kwa wizi, akalipa faini, na sasa kila akiomba kazi Industrial Area, Nairobi, cheti cha maadili mema cha polisi kinamuumbua kwa kuonyesha hukumu hiyo. Binamu yenu wa Toronto alisubiri tu, akaomba rekodi yake iwekwe kando.

Kule Kanada kuna sheria yake: ukishamaliza adhabu yote unangoja miaka 5 kwa kosa dogo, 10 kwa kubwa, kisha unaomba kwa Bodi ya Parole (bodi ya serikali inayoamua maombi hayo). Hapa kwetu Kenya mtu mzima hana njia kama hiyo.

Tulicho nacho ni Ibara ya 133 ya Katiba, inayompa Rais uwezo wa kusamehe. Mtu yeyote anaweza kuandika ombi. Kamati ya ushauri, ambamo Mwanasheria Mkuu ni mwanachama, hulipima na kumshauri Rais. Rais anaweza kusamehe kabisa, kwa masharti au bila, au kupunguza adhabu. Kamati inaweza pia kusikiliza maoni ya aliyeumizwa, kwa hivyo kama kakako alimrudishia mwenyewe mali yake, aandike hilo waziwazi.

Lakini kwanza aende mahakamani akachukue nakala ya hukumu. Asome mstari wa mwisho. Nimeona watu wakiambiwa wana hatia kumbe kesi iliondolewa. Huyo hahitaji msamaha, anahitaji kupeleka uamuzi wenye muhuri makao makuu ya DCI (idara ya upelelezi wa jinai), Kiambu Road, Nairobi, rekodi irekebishwe.

Na yule wa saiba (duka la intaneti) anayetaka pesa "afute jina", tafadhali msimpe hata shilingi.