Resini inanata siku ya nne? Kaa nikwambie yaliyonikuta mimi

Juzi Jumatano usiku nimepata meseji ya binti mmoja yuko Mwanza, naiweka hapa kwa ruhusa yake bila jina: "Shikamoo dada. Nimemimina blanki 8 za kalamu, rangi zimetoka nzuri sana ila leo siku ya nne zinanata kama kashata iliyokosa moto. Nimetumia hela ya mtaji yote. Nifanyeje?" Kwa asiyejua, resini ni ule utomvu wa plastiki (epoksi) unaomiminwa ukiwa maji ukaganda, na blanki ni kipande kinachotobolewa na kukerezwa kuwa mwili wa kalamu.

Niliisoma nikiwa nimekaa chini sebuleni nafunga boksi la mwisho la oda ya kalamu 50. Kalamu 50 jamani, hakuna hata moja yenye povu, hakuna inayonata, na mteja kamalizia salio kabla hata sijamtumia picha ya mwisho. Nilikuwa na furaha yangu usiku ule, alafu hii meseji ikanirudisha mpaka Februari ya mwaka juzi nikakaa kimya muda mrefu, maana ule mnato naujua kwa vidole vyangu mwenyewe.

Nimeshamjibu kwa kifupi, ila najua mpo wengi na najua wote tunataka kitu kimoja, siku moja mtu mkubwa asaini mkataba wake kwa kalamu yako, aigeuze mwangani aulize imetoka nchi gani, aambiwe imetoka Tabata. Kwa hiyo leo nasimulia yote.

Mimi nilianza na hereni na trei, hiyo sehemu nairuka maana wengi mmepita humo humo. Kilichonileta kwenye kalamu ni mzee mmoja pale Mwenge, fundi wa kukereza mpingo. Alikuwa na gunia zima la vipande, vile vyenye ukingo wa njano pembeni ya moyo mweusi. Mpingo mzuri ulionyooka unaenda Ulaya kuwa klarineti, lakini vipande vifupi vyenye ukingo kama vile hakuna anayevitaka, vinaishia jikoni. Akaniuliza, "Mwanangu, hayo madude yako ya rangi yanaweza kushika mti?" Nikamwambia yanashika. Nikamimina resini ya rangi ya bahari ya Kigamboni saa nne asubuhi, ikafuata ule ukingo wa njano ulivyojipinda, yeye akatoboa akakereza, na ile kalamu ya kwanza mpaka leo ninayo, siuzi hata uniletee nini.

Picha ya kalamu ile ndo ilileta oda. Ofisi moja wakataka kalamu 60 za kuwapa wageni wa mkutano wao, wiki tatu tu. Nilikubali ndani ya dakika tano bila kupiga hesabu. Hesabu yenyewe iko hivi, blanki moja ya milimita 19 kwa 19, urefu 130, inakula resini kama gramu 52. Zidisha kwa 60, unavuka kilo 3. Mimi nilikuwa sijawahi kuchanganya zaidi ya gramu 300 kwa mpigo.

Chupa iliandikwa 2 kwa 1. Nikaweka ndoo kwenye mizani, gramu 1000 za resini, gramu 500 za hadena, ile dawa ya kuigandisha, nikajiona niko makini kabisa kwa sababu nimepima kwa mizani. Kumbe ile 2 kwa 1 ni ya ujazo! Hadena ni nyepesi kuliko resini, kwa hiyo ukipima kwa uzito namba zinabadilika, kwenye ile yangu inatakiwa gramu 100 za resini kwa kama gramu 43 za hadena. Mimi nilizidisha. Na hadena ikizidi haikaushi haraka zaidi kama watu wanavyodhani, ile ya ziada inakosa mwenzake wa kushikana naye, inabaki mle ndani milele na kitu chako kinakuwa laini kama raba.

Alafu ile resini yenyewe ilikuwa ya kupaka juu ya meza, ile ya kumimina tabaka nyembamba ya milimita chache. Mimi nimeirundika kilo moja na nusu kwenye ndoo moja, usiku wa Februari Dar es Salaam, joto lile mnalijua, alafu nikaanza kugawa rangi taratibu, bluu huku, nyeupe kule. Resini inapoiva inatoa joto, joto linaiharakisha kuiva, inatoa joto zaidi, na ikiwa nyingi sehemu moja joto halina pa kutokea. Dakika ya kumi na kitu ndoo ikaanza kutoa moshi. Moshi kabisa, na harufu kali, nikaikimbiza uani huku mikono inaungua, ikapasuka pasuka mle mle kwenye ndoo. Watoto walikuwa wamelala chumba cha pili. Nikikumbuka hapo mpaka leo moyo unanienda mbio.

Nikanunua nyingine kwa hela ya kukopa, nikamimina kidogo kidogo kwenye kalibu, lakini kwa kipimo kile kile kibovu, maana nilidhani kosa langu ni ndoo tu. Zikakauka juu. Nikazipeleka Mwenge. Mzee akaweka moja kwenye mashine, akagusa na patasi, badala ya kutoka utepe mkavu ikavutika kama ubani wa kutafuna. Akazima mashine. "Mwanangu, hii haijaiva."

Hapa ndo sehemu inayoniuma kuliko zote. Nilimwambia, "Mzee wangu nakuomba, kereza tu, zitakauka zenyewe, tarehe imefika." Mtu amekereza miaka kuliko umri wangu, kaniambia ukweli kwa sentensi moja, nikamshinda kwa kumbembeleza. Alinitazama, akawasha mashine.

Tulipeleka kalamu 60 zinang'aa. Wiki ya pili boksi likarudi. Waliziacha kwenye gari juani, zikalainika, vibomba vya shaba vinavyokaa ndani ya tundu la blanki vikawa vinazunguka na kila kalamu imebaki na alama za vidole za aliyeishika, ukiangalia unaona kabisa dole gumba la mtu. Hela nikarudisha nusu. Hela ilipita, nililipa madeni, mzee nilimlipa kazi yake kwa miezi mitatu. Ila aliyeleta boksi alisema, tena kwa upole, "Ndo maana huwa tunaagiza nje, vitu vya hapa ndo vilivyo." Hayo maneno sijayasahau. Sikuwa nimejiharibia mimi peke yangu, nilimwaibisha na yule mzee, na mpingo, na kila mtu anayejitahidi kwenye mji huu.

Haya. Sasa sikilizeni.

Soma chupa. Upande wa maandishi madogo, sio upande wa picha. Tafuta kama kipimo ni cha ujazo au cha uzito, na kama kuna vyote viwili chukua cha uzito, nunua mizani inayosoma gramu 0.1. Usipime kwa macho. Usipime kwa kifuniko. Ukichanganya, koroga dakika tatu nne huku unakwangua kuta na kitako cha kikombe, alafu hamishia kikombe cha pili ukoroge tena, maana ile iliyoganda ukutani mwa kikombe cha kwanza haijachanganyika na ndo inayoleta doa bichi katikati ya blanki nzuri. Na narudia tena, soma chupa.

Resini ya kalamu iwe ile ya kumimina kina kirefu, inayoiva taratibu. Joto likipanda nyuzi kumi hivi, muda wako wa kufanya kazi unapungua karibu nusu, kwa hiyo ile video ya mzungu yuko karakana yenye baridi anasema una dakika 40, wewe wa Dar una 20 na ushukuru. Mimi siku hizi namimina alfajiri, saa kumi na moja, na chupa zimelala sehemu ya ubaridi.

Kwenye rangi nikae kidogo maana hapa ndo raha ilipo. Unga wa maika, ule unaong'aa kama ndani ya kombe la baharini, kijiko kidogo sana kinatosha, ukijaza sana unadhoofisha resini. Usitumie rangi za maji za watoto. Siri ya ile mistari inayopishana kama moshi ni kusubiri. Ukimimina bluu na nyeupe zikiwa bado nyepesi kama maji, zinachanganyikana zote unapata rangi moja ya tope, mimi nimetupa kilo nzima za tope. Subiri mpaka resini ianze kuwa nzito kama asali, ukinyanyua kijiti uzi unakatika taratibu, hapo mimina rangi zote kwa pamoja kutoka juu, pitisha kijiti mara moja au mbili, acha. Mkono unawasha kutaka kuendelea kukoroga. Acha! Oda hii ya kalamu 50 niliipiga rangi tatu, bluu iliyokolea, nyeupe ya lulu na chembe ya dhahabu, na kwa mara ya kwanza sikurudisha kijiti. Zimetoka kama kusi inavyopiga mwamba.

Mti lazima ukauke kabisa, unyevu ukiwa mle ndani unageuka mapovu. Mimi naweka vipande kwenye oveni moto mdogo wa nyuzi 100 hivi usiku kucha, vinapoa ndani ya mfuko uliofungwa. Mpingo una mafuta, ufute na asetoni kabla ya kumimina, la sivyo resini inabanduka fundi akianza kutoboa.

Mapovu yanaisha kwa presha. Tangi la presha na kompresa, unaingiza kalibu zako ukapandisha mpaka psi 45, kila povu linabanwa kufikia robo ya ukubwa wake, jicho halilioni tena, na unaliacha hivyo mpaka resini iive, sio dakika tano. Umeme ukikatika usiogope, valvu ikiwa imefungwa vizuri presha inabaki. Lakini kama huna tangi lililotengenezwa kwa kazi ya presha, lenye valvu ya usalama, usijaribu na sufuria ya nyumbani, inaweza kulipuka na kuua mtu. Bora ubaki na mapovu yako.

Kuiva kwenyewe, mimi sipeleki blanki kwa mzee kabla ya siku 7. Ukucha ukiacha alama, bado. Na mwambie fundi atoboe tundu la milimita 7 polepole, biti aitoe nje mara kwa mara, joto la biti linapasua blanki, na kama rangi yako inapitisha mwanga apake rangi ndani ya tundu la sivyo shaba itaonekana. Msasa wa maji kuanzia 400 mpaka 2000, alafu polishi ya taa za gari. Basi.

Glavu za nitrili, barakoa yenye vichujio vya kemikali, dirisha wazi. Nilidharau, mwaka jana kiwiko mpaka kifundo cha mkono vilitoka vipele nikakuna mpaka damu, daktari akaniambia mwili ukishaikataa epoksi ndo basi, haisahau. Sasa hivi hata tone moja likinigusa ngozi inawaka. Ninyi mnaochanganya mikono mitupu mkijirekodi, mnauza ngozi yenu kwa laiki. Na vumbi la kukereza ni hivyo hivyo, msilipeleke kwenye mapafu ya fundi wenu, mnunulieni barakoa na yeye. Heshimuni mafundi wenu. Wakisema haijaiva, haijaiva. Mteja mpigie simu mwambie tarehe itasogea, atakasirika, muache akasirike.

Mdogo wangu wa Mwanza, sasa nakujibu wewe. Chukua blanki moja tu, iweke mahali pa joto siku mbili. Kama inazidi kukaza, basi ilikosa muda, subiri zote wiki nzima. Kama mnato ni juu tu na ndani ni ngumu, inawezekana ni unyevu wa hewa umeacha utando, futa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni uone. Ila kama ukibonyeza na ukucha inabonyea na haibadiliki, kipimo kilikosewa, hakuna jua wala oveni itakayoiokoa, usimimine nyingine juu yake, na nakuomba usimuuzie mtu. Nitumie picha ya chupa zako mbili, ule upande wa maandishi madogo, tupige hesabu pamoja. Mzee kasema ukishapata zilizoiva zitume kwa basi, 4 za kwanza atakukerezea bure.