Oili ya kwanza kwenye gari jipya la porini

Ndugu, umeuliza kama usubiri kilomita 10,000 ndipo ubadilishe oili ya gari lako jipya la foo-wili (linalosukumwa na magurudumu yote manne). Kitabu cha gari ndicho chenye neno la mwisho, lakini soma hadi ukurasa wa matumizi magumu. Vumbi, matope, mchanga na mwendo wa polepole kwa gia nzito vimo humo, na muda wa kubadilisha oili hapo mara nyingi hupunguzwa hadi nusu. Mimi oili ya kwanza huimwaga mapema, kwenye kilomita 1,000 hivi, kwa sababu injini mpya hutoa chembe za chuma vyuma vinapozoeana. Si lazima kwa kila gari, ila kwa kawaida haina hasara zaidi ya gharama ya oili na filta.

Washa injini dakika chache ipate uvuguvugu, uizime, gari likiwa mahali tambarare. Fungua boliti ya sampo (bakuli la oili chini ya injini), acha oili ichuruzike hadi iishe, kisha irudishe boliti ikiwa na washa mpya, yaani ile ringi yake ya kuzuia mvujo. Filta mpya ipake oili kidogo kwenye mpira wake na uikaze kwa mkono tu. Jaza oili mpya, washa injini, zima, subiri kidogo, kisha pima oili.

Kitu wengi wanachosahau ni difu, lile sanduku la gia kwenye ekseli linalogawa nguvu kwa magurudumu, nalo lina oili yake. Ukivuka mto maji yakafika kwenye ekseli, fungua boliti ya difu uangalie: oili ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia. Imwage siku hiyohiyo, usingoje kilomita zozote.