Nimestaafu, zahanati inanitaka, watoto wanasema nitawaaibisha

Dada, pole na kazi. Mimi ni muuguzi mkunga, nimestaafu mwaka jana nilipotimiza miaka 60. Mafao niliyapangia vizuri: nyumba tumepaua, shamba la michungwa tumeongeza, akiba kidogo iko benki. Pensheni inaingia kila mwezi, si haba. Binti yangu yuko kazini Dar, ameniletea wajukuu wawili, mmoja ana miaka minne na mwingine bado wa chupa, kwa hiyo nashinda nao. Sasa kuna daktari kafungua zahanati hapa mjini. Anataka nisimamie chumba cha uzazi, zamu za usiku, malipo anasema tutaelewana. Nilipowaambia watoto, binti alilia. Anasema nitawaaibisha, watu watasema wameshindwa kunitunza. Kaka yake naye: mama pumzika, umechoka. Baba yao ana presha na sukari, mimi ndiye ninayemsimamia dawa, yeye hana neno. Moyo wangu unataka kurudi. Nifanyeje?
Mkunga Mstaafu, Muheza

Shikamoo mama.

Katika barua yako kuna maneno umeyapitisha haraka mno: “kwa hiyo nashinda nao.” Mimi nimeganda hapo hapo. Mtoto wa chupa anaamka kabla ya adhana ya alfajiri. Umechemsha maji, umeosha chupa, umembadilisha nepi, umembembeleza akalala, na huyo wa miaka minne ndiyo kwanza anataka uji, na si uji huo, wa jana. Kufua, kupika, kumfukuza kuku sebuleni, kumpimia mzee dawa zake. Jioni mdogo anapata homa na usiku hulali. Kwa lugha ya wodini kwako hiyo ni zamu, tena haina mtu wa kuja kuipokea.

Halafu watoto wanakwambia upumzike. Upumzike saa ngapi?

Simsemi vibaya binti yako. Likizo ya uzazi kwa aliyejifungua mtoto mmoja ni siku 84, zikiisha anatakiwa ofisini na mtoto hajafikisha hata miezi mitatu. Dada wa kazi wa kuaminika, kwa Dar, ni bahati nasibu. Ukiwa na mama mkunga, tena mstaafu, utampeleka mtoto wapi kwingine? Mimi pia ningekuletea. Lakini machozi yale, nionavyo mimi, hayakuhusu aibu. Alichokiona ni kwamba ukienda zahanati hana pa kuwaacha watoto, na hilo ni zito kulitamka mbele ya mama yake, ndiyo akasingizia majirani.

Maana hiyo aibu yenyewe ni ya nani? Najua midomo ya watu. Tangu kelele za kikokotoo, ile kanuni ya kupigia hesabu mafao ya wastaafu, zilipoanza mwaka 2018, kila mstaafu anayeonekana na begi asubuhi anahesabiwa kuwa na njaa, hata baada ya bajeti ya 2024 kupandisha mkupuo (sehemu ya mafao inayolipwa kwa mara moja) wa watumishi wa umma kutoka asilimia 33 hadi 40. Wewe hujaniandikia habari ya njaa hata mstari mmoja. Na serikali hiyo hiyo iliyokuambia 60 inatosha imewasogezea maprofesa na madaktari bingwa hadi 65, na sijasikia mtoto wa profesa akilia kwamba baba yake anamwaibisha. Mama, rudi kazini.

Ila si kwa masharti haya uliyopewa.

“Malipo tutaelewana” ni kauli ya mtu anayejua kwamba ukishavaa sare utaona haya kudai. Elewaneni sasa hivi, kwa maandishi, na nakala moja ukae nayo wewe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haibagui mwajiriwa kwa kuwa alishastaafu kwingine: wiki ya kazi ya kawaida haizidi saa 45, likizo ya mwaka ni siku 28, na saa za kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi zina nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Kama daktari wako hajawahi kuitaja hiyo nyongeza, mtajie wewe. Usimwonee haya. Zahanati mpya mjini inatafuta jina, na jina analolitafuta ni lako. Nusu ya kina mama wa mji huo labda umewazalisha wewe.

Lakini mimi ningezikataa kabisa zamu za usiku, nyongeza iwepo isiwepo. Umri si hoja yangu. Wewe unajua kuliko mimi kinachotokea saa 9 usiku mama anapoanza kutoka damu baada ya kujifungua, na kwenye jengo zima uko wewe, mlinzi na msichana wa mapokezi. Kabla ya kuzungumza mshahara muulize: usiku nitakuwa na nani? Gari la rufaa ni lipi, na dereva wake analala wapi? Oksitosini, sindano ya kuzuia damu hiyo, iko kwenye friji gani, na umeme ukikatika jenereta inawashwa na nani? Dawa ile inataka ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, ikishinda kwenye joto la Tanga utachoma sindano ukidhani umeokoa mtu. Asipokuwa na majibu, hana chumba cha uzazi. Ana chumba chenye kitanda. Likitokea la kutokea, leseni itakayoitwa mezani ni yako.

Na hiyo leseni iangalie. Mwaka mzima nyumbani, huenda muda wake umepita, nawe huruhusiwi kumgusa mgonjwa mpaka uihuishe kwa Baraza la Uuguzi na Ukunga. Usikubali kuambiwa uanze tu, mambo ya karatasi yatafuata. Pita pia ofisi ya PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, kabla ya kusaini, waeleze unakwenda kuajiriwa zahanati binafsi, wakupe maelekezo yao kwa maandishi. Na uhakiki wa wastaafu ukitangazwa usije ukaukosa kwa sababu uko zamu.

Mwombe daktari siku tatu kwa wiki, mchana. Kliniki ya wajawazito, kusimamia wakunga vijana, kuwafundisha kuijaza patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu, mama akiwa bado kwenye uchungu badala ya kuijaza baada ya mtoto kuzaliwa (nasikia huo mchezo upo sana). Akisema anamtaka wa usiku tu, mshukuru uondoke. Muheza si mji wa zahanati moja.

Kwa binti, usimwambie kwa simu. Mwite aje, au panda basi umfuate, mkae wawili bila kaka yake. Mwambie hivi: “Mwanangu, wanangu hawa siwatupi. Siku nne kwa wiki niko nao. Siku tatu nazihitaji mimi, na kwa siku hizo utaniletea dada wa kunisaidia, mshahara wake utaulipa wewe.” Hapo kwenye mshahara usilegee. Ukimlipa dada kutoka kwenye pensheni yako, au kutoka kwenye ujira wa zahanati, utakuwa unakwenda kazini ili upate fedha ya kulipa mtu alee watoto wa mtu anayelipwa mshahara Dar. Mpe muda, miezi miwili au mitatu, ajipange, na daktari mwambie tarehe hiyo hiyo. Huyo mkubwa wa miaka minne unaweza kumtafutia chekechea ya jirani, asubuhi zako zitapungua kelele.

Kaka mtu aliyesema umechoka, mjibu kwamba ameona vyema. Jumamosi moja aje alale hapo na wale watoto wawili.

Amebaki mzee. Umeandika kwamba hana neno, nami sijaridhika. Mtu mwenye presha na sukari, aliyezoea kuwekewa vidonge mkononi na kuulizwa kama amekula, ana neno, labda hajaulizwa vizuri. Kabla hujampa daktari jibu lolote, keti naye jioni moja watoto wakiwa wamelala, mpange siku zile tatu nani atamkumbusha dawa ya mchana na chakula chake kitapikwa na nani. Akikwambia anaweza mwenyewe, mwache ajaribu wiki nzima ukiwa bado uko nyumbani, nawe usimkumbushe.