Mafunzo ya wazazi wa watoto wenye ulemavu: usiende peke yako

Dada, umeuliza kama inafaa ufunge genge kila wiki uende kwenye hayo mafunzo ya wazazi uliyoambiwa kliniki, au nauli hiyo uitie kwenye hospitali mwanao apate "tiba yenyewe". Umesema ana miaka mitatu, shingo haijakaza, na ameandikiwa mtindio wa ubongo. Wangu anao huohuo, na tunakaa hapahapa Tanga, Makorora. Jibu langu: nenda. Ila kwanza tazama nani anashinda na mtoto, maana huyo ndiye wa kwenda, na kama si wewe basi nendeni wote wawili.

Sababu ni hii. Mtindio wa ubongo hauna dawa ya kuuondoa. Ubongo umeumia mtoto akiwa tumboni, au wakati wa kuzaliwa, au muda mfupi baadaye: kachelewa kulia, kapata manjano kali, kaugua homa ya uti wa mgongo. Lililoumia halirudi, lakini pia halizidi. Kinachozidi ni mwili. Misuli ikikakamaa bila kunyooshwa hufupika, viungo huganda, nyonga huweza kuteguka. Mtaalamu wa mazoezi pale hospitali ya Bombo, hata awe hodari vipi, atakuwa na mwanao muda mchache, kisha mtarudi nyumbani. Kulishwa, kuogeshwa, kubebwa, kuvishwa, kulazwa, yote hayo yako nyumbani. Mafunzo yanahusu saa hizo.

Kwetu saa hizo zilikuwa za bibi yake. Mimi asubuhi niko soko la Mgandini na biashara yangu, mama mkwe ndiye anayelisha. Nilipoanza mafunzo tukafundishwa kulisha: mtoto akae wima, kichwa kiinamie mbele kidogo, kijiko kije kwa mbele na kwa chini, uji uwe mzito maana mwepesi unamkimbia kooni kabla hajajiandaa, na usubiri ameze ndipo uongeze. Nikarudi nikasimulia. Mama mkwe akanisikiliza kwa adabu zote, kesho yake akampakata mtoto vilevile, kichwa nyuma, anamnywesha uji kwa kiganja. Amelea watoto wake na wajukuu kwa njia hiyo na wote wazima. Nimwambie nini?

Mwezeshaji wetu, naye ni mama mwenye mtoto wa hali hii, aliposikia akasema mlete. Hakumhubiria. Alimpa kikombe cha maji, akamwambia, "Mama, inua uso utazame dari, kisha unywe." Bibi wa watu akapaliwa mpaka machozi. Jaribu sasa hivi hapo ulipo kumeza hata mate, utanielewa. Mtoto mwenye mtindio akipaliwa hivyo kila mlo, uji unaingia kwenye njia ya hewa, na hiyo nimonia isiyokwisha mnayoiita kifua cha kurithi mara nyingi ndiko inakotoka. Tangu siku ile mama mkwe ndiye polisi wa kulisha. Hata mimi nikiharakisha nakaripiwa.

Ndiyo maana napenda mafunzo ya vikundi kuliko karatasi ya maelekezo. Mmoja wa miongozo inayotumika sana kwa mtindio wa ubongo, uliojaribiwa Bangladesh kabla ya kusambazwa nchi nyingine, umejengwa hivyo: wazazi wanakutana na watoto wao na kufanya kwa vitendo. Shirika la Afya Duniani nalo lina mafunzo yake kwa walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9 wenye ucheleweshi wa ukuaji, wenye usonji wakiwemo: vikao 9 vya kikundi, na mwezeshaji anakuja nyumbani mara 3. Hayo yamelenga zaidi mawasiliano, michezo na tabia, na mwezeshaji si lazima awe daktari. Kwa shingo isiyokaza, ya kwako yawe ya aina ile ya kwanza.

Sasa tahadhari. Si kila kinachoitwa mafunzo ni mafunzo. Nimewahi kukaa semina moja, sitaitaja: fulana, soda, hotuba za haki zetu kutwa nzima, na hakuna aliyegusa mtoto. Haki ni muhimu, Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 ipo na uijue, lakini haikufundishi kumtoa mtoto kitandani bila kuvunja mgongo wako. Kwa hiyo ukipigiwa simu uliza neno moja tu: nije na mtoto? Wakisema mwache nyumbani, kauze nyanya zako.

Hospitali usiiache, hasa kama ana degedege za kujirudia. Wengi wa watoto wetu wana kifafa juu yake, na dawa ya kifafa haikatizwi ghafla kwa sababu ya semina, ya kombe, wala ya mtu yeyote. (Kombe, yale maji ya aya za Kurani, tumemnywesha, sikufichi. Dua haigombani na kijiko cha uji.)

Baba watoto naye mvute, walau kikao kimoja. Wangu alikaa mlangoni na baiskeli yake, akaishia kupewa mtoto amshike.

Kuhusu kiti cha kumketisha mtoto ulichouliza, usinunue kwanza. Kinatengenezwa kwa maboksi na magazeti yaliyobandikwa tabaka juu ya tabaka kwa gundi ya unga uliopikwa, kikakauka kikawa kigumu kama ubao. Kwenye vikundi vingi yupo anayejua. Hakikisha kinakaushwa kabisa ndipo kipakwe rangi ya mafuta au vanishi, maana joto na unyevu wa huku pwani vitakilainisha. Na vipimo vichukuliwe mtoto akiwa ameketishwa, nyayo zimegusa chini, si akiwa amelala kitandani. Fundi seremala wengi hukosea hapo.