Njaa yangu ilikuwa ya usingizi

Kwa miaka mitatu nilikuwa mhudumu wa mapokezi hotelini Mwanza, zamu ya usiku. Nilikuwa nikilala saa tatu asubuhi, na saa saba mchana joto na kelele za mtaa zimeshaniamsha. Kipindi chote hicho shibe sikuijua. Nitakula ugali na dagaa sahani nzima, na baada ya muda mfupi nasaka maandazi. Saa nane usiku, chipsi mayai na soda. Mama akasema nina minyoo. Nikanywa dawa, njaa ikabaki palepale.

Nesi wa zahanati ya mtaani alinipima sukari kwanza, ikawa sawa. Nikajua sasa ataniuliza ninakula nini. Akauliza, "Unalala muda gani kwa siku, mdogo wangu?"

Nikaenda kusoma. Tumbo likiwa tupu hutoa homoni iitwayo grelini, ambayo huuchochea ubongo utake chakula. Mafuta ya mwili nayo hutoa leptini, inayouarifu ubongo kwamba akiba ipo. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwapa vijana 12 wenye afya muda wa saa nne tu kitandani kila usiku kwa siku mbili, kisha wakalinganisha na siku mbili za kupewa muda wa saa kumi kitandani. Waliponyimwa usingizi, leptini ilishuka kwa asilimia 18 na grelini ikapanda kwa asilimia 28. Walichokitamani zaidi ni vitamu, vya chumvi na vya wanga. Niliposoma hapo nilikaa kimya. Muda wote nilikuwa najiita mlafi.

Basi nikaanza na usingizi. Nilitundika blanketi zito dirishani, nikawaomba wapangaji wenzangu wapunguze redio, simu nikaizima. Nikafika saa sita za usingizi, siku nyingine saba. Uchu wa vitamu ulipungua kabla sijabadilisha hata sahani moja.

Chipsi za saa nane ndizo zilizonitesa. Grelini huzoea ratiba: ukila saa ileile kila siku, hupanda yenyewe saa hiyo ikikaribia. Nikahamishia mlo mkubwa saa moja jioni, kabla ya kazi: ugali wa dona, maharage, mchicha. Protini humeng'enywa polepole, na nyuzinyuzi hupunguza kasi ya mmeng'enyo, shibe ikadumu. Wiki mbili za mwanzo njaa ilikuja saa nane vilevile. Nilikunywa maji, nikatembea ukumbini, ikapita. Baadaye ikaacha kuja.

Tena kula taratibu, tafadhali. Utumbo nao hutuma homoni zake za shibe, na habari hiyo huchukua kama dakika 20 kukolea. Chipsi za kusimama kaunta nilizimaliza kwa dakika tano. Kwa mama, tukizunguka sinia moja na mazungumzo, nilikuwa natosheka na kidogo, nikidhani ni mapishi yake tu. Soda nimeiacha kabisa. Sukari ya kunywa inapita bila kushibisha.

Ila anza alipoanza nesi. Ukiwa na njaa isiyoisha pamoja na kiu kali, kukojoa mara kwa mara au kukonda huku unakula vizuri, blanketi la dirishani lisubiri. Nenda kapime sukari.