Aliyekuwepo ulipoanguka aliona nini?

Tangu nilipogusia hapa kwamba nami ni mtu wa kuzimia, barua zenu hazijakatika. Leo nazijibu baadhi. Mimi si daktari, ni mgonjwa mzoefu: nilianguka miaka saba kabla ya kujua kwa nini. Ninachokijua nimekipata kwa kuuliza sana, na kwa kuudhi watu kidogo.

Dada, nimezimia mara sita ndani ya mwaka mmoja. Nimepigwa picha ya kichwa, nimepimwa damu na sukari, na kila jibu ni "uko sawa". Nihamie hospitali kubwa zaidi?

Pole sana. "Uko sawa" ni maneno matamu mara ya kwanza. Mara ya nne yanachoma, maana wewe ndiye unayeokotwa sakafuni.

Lakini kabla hujahama, tutazame ulichopimwa. Kuzimia kwa kweli, yaani kupoteza fahamu ghafla, kuanguka, kisha kuzinduka mwenyewe baada ya muda mfupi, hutokea ubongo unapokosa damu ya kutosha. Damu ikikatika kabisa, sekunde sita hadi nane zinatosha. Ubongo wenyewe mara nyingi hauna kosa, umenyimwa tu. Ndiyo maana picha ya kichwa, kwa mtu anayezinduka vizuri, hajapooza popote wala hajaumia kichwa, mara chache huonyesha kitu. Sukari nayo, ikishuka mpaka mtu apoteze fahamu, si kawaida yake kujipandisha yenyewe ndani ya nusu dakika. Kwa hiyo umepimwa, tena sana, ila pembeni ya swali.

Mambo ya kuanza nayo ni matatu, na hayana makuu: maelezo kamili ya ulivyoanguka, presha ikipimwa umelala kisha umesimama, na kipimo cha umeme wa moyo, ECG. Kama hujafanyiwa hayo mawili ya mwisho, yaombe kwa majina hapohapo ulipo. Hili la kwanza ni kazi yako, na ndilo wengi tunalolifanya vibaya. Tunaingia kwa daktari na kusema "nilizimia tu", kisha tunanyamaza.

Nikupe ukurasa wa daftari langu, kama ulivyo: "Saa nne asubuhi. Nimesimama kwenye foleni kama dakika ishirini, joto kali. Miayo mitatu mfululizo. Jasho baridi shingoni. Sauti za watu zikaenda mbali, kama niko ndani ya pipa. Macho yakaingia ukijivu kuanzia pembeni. Nilipozinduka kiatu kimoja hakipo. Kijana aliyekuwa nyuma yangu anasema midomo ilipauka kwanza, nikayumba, nikashuka taratibu, na nikafumbua macho kabla hajamaliza kuita watu. Nilijua niko wapi. Uchovu mpaka jioni."

Daktari aliyekuja kuusoma ukurasa ule alitulia nao kuliko alivyotulia na bahasha yangu nzima ya majibu. Kusimama sana, joto, miayo, jasho, kuona kijivu: hiyo ni njia ya kuzimia kunakoitwa vasovagali, ambako mshipa wa fahamu wa vagasi hupunguza kasi ya moyo huku mishipa ya damu ikilegea. Mtu aliyeanguka bila dalili yoyote, au moyo ukimwenda mbio kwanza, angesomewa kurasa tofauti kabisa. Kwa hiyo mtafute aliyekuona. Mpigie simu hata kama ni wa kupita njia, na ukiweza nenda naye. Wewe mwenyewe hukuwepo.

Mke wangu akizimia hutingishika mikono. Tuliambiwa ni kifafa, anameza dawa mwaka wa pili, na bado anaanguka. Tumekosea wapi?

Huenda hamkukosea ninyi. Kutingishika kunamtisha kila mtu, na aliyetishika husimulia kutingishika peke yake.

Mwaka 1994 madaktari wa Ujerumani walichapisha matokeo ya jaribio ambalo vijana wenye afya walizimishwa kwa makusudi huku wakirekodiwa kwa video. Kati ya 42 waliopoteza fahamu kabisa, asilimia 90 walirusharusha viungo. Wengi walikuwa na macho wazi. Hakuna aliyekuwa na kifafa. Ubongo ukikosa damu hutingisha mwili, basi.

Tofauti zipo, na wewe ndiye shahidi. Alianguka kwanza ndipo akatingishika, au alikakamaa na kutingishika toka mwanzo? Ilikuwa mitikisiko michache isiyo na mpangilio, ikakoma kabla ya robo dakika, au ilienda dakika nzima na zaidi kwa mdundo mmoja? Alipauka na kutoka jasho, au aligeuka rangi ya bluu? Ulimi aliuuma, na kama ndiyo, ubavuni au kwenye ncha? Jeraha la ubavuni mwa ulimi huelekeza kwenye kifafa. La muhimu zaidi: alipozinduka alikutambua mara moja, au alizubaa kwa dakika nyingi asijue siku? Kujikojolea kusikutishe sana, kwa sababu hutokea huku na huku.

Akianguka tena, ukishamlaza salama, washa simu umrekodi. Si kukosa adabu, ni kumsaidia. Video ya sekunde thelathini nimeona ikibadilisha jina la ugonjwa. Ila dawa asiziache ghafla kwa kusoma majibu yangu. Kama kifafa kipo kweli, kukatisha dawa kunaweza kuleta degedege kali. Rudini mkaombe utambuzi uangaliwe upya, na ECG iwemo.

Shikamoo. Binti yangu wa miaka 15 ameanguka mara mbili akikimbia mbio za shule. Mwalimu anasema ni uchovu. Nimwache apumzike?

Marahaba. Hapana. Apumzike mbio kuanzia leo, na apelekwe apimwe moyo wiki hii, si mwezi ujao.

Kuzimia baada ya kumaliza mbio, mtu amesimama anahema, mara nyingi si kubaya. Kuzimia katikati ya mbio ni habari nyingine. Inaweza kuwa msuli wa moyo umenenepa, au umeme wa moyo una hitilafu ya kuzaliwa nayo. Ipo hitilafu ambayo moyo huchelewa kujiandaa upya kwa umeme baada ya kila pigo, na wenye nayo huweza kuzimia wakikimbia, wakiogelea, au kengele inapowashtua usingizini. Uliza pande zote mbili za ukoo kama kuna aliyekufa ghafla akiwa kijana, hata yule ambaye mlisema alizama majini ingawa alijua kuogelea. Jibu hilo mwambie daktari kabla hajauliza.

Wengine msioandika barua: haraka hiyohiyo inamhusu anayezimia akiwa amelala, anayeumwa kifua au kwenda moyo mbio kabla ya kuanguka, mwenye ugonjwa wa moyo unaojulikana, na mjamzito anayezimia huku akivuja damu au akiumwa tumbo.

Baba ana miaka 74. Anaanguka usiku akienda chooni. Anasema aliteleza, lakini sakafu ni kavu.

Wazee wengi huzimia na kuapa kwamba waliteleza. Si uongo, ubongo haukuhifadhi sekunde zile.

Fungasha dawa zake zote mfukoni, za presha, za tezi dume, za moyo, za usingizi, na zile alizopewa na jirani, mzipeleke zikiwa kwenye makopo yake. Dawa za kukojosha na za kulegeza mishipa ni washukiwa wa kila siku. Ombeni presha ipimwe baada ya kulala dakika tano, kisha ndani ya dakika tatu za kusimama. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, mmepata pa kuanzia. Muuguzi akimpima ameketi tu, mwombeni kwa heshima amsimamishe. Dawa msimpunguzie wenyewe.

Na usiku huu: akae ukingoni mwa kitanda, achezeshe vifundo vya miguu kidogo, ndipo asimame, na akojoe ameketi. Wanaume hawapendi kuambiwa hilo la mwisho. Mwambie wewe, usimtume mjukuu.

Nimeambiwa yangu ni mawazo tu. Nazimia hata mara nne kwa siku, wakati mwingine nusu saa. Nimedhalilika.

Neno "tu" ndilo lililokuumiza, na halikustahili kuwemo.

Kupoteza fahamu kwa muda mrefu hivyo, mara nyingi hivyo, macho yakiwa yamefungwa, huku presha na mapigo viko vizuri, ni hali inayojulikana kitabibu. Damu inafika kwenye ubongo, ila mwili unajizima kwa njia nyingine. Mgonjwa haigizi na hajitakii. Lakini haifai kutangazwa kwa sababu vipimo vingine vimekosa kitu. Inathibitishwa kwa kuonyesha: unalazwa kwenye kitanda kinachoinuliwa hadi karibu nyuzi 60 au 70, umefungwa mikanda, presha na mapigo vikifuatiliwa, na tukio likitokea daktari anaona kwa macho yake kama presha imeporomoka au haikugusika. Ulipimwa hivyo? Kama hukupimwa, hilo ndilo ombi lako. Kama ulipimwa na ndivyo ilivyo, basi una utambuzi kamili kama mwingine wowote, na tiba yake ya mazungumzo na mtaalamu ipo. Kuna pia wenye aina mbili kwa pamoja, na hao husumbuka zaidi kwa sababu aina moja ikigunduliwa watu huacha kutafuta.

Naweza kuendesha gari?

Kwa sasa usiendeshe. Sheria hutofautiana kati ya nchi na nchi, na kati ya gari lako na basi la abiria, hivyo muulize daktari muda wa kusubiri na aandike. Najua kwa wengine hiyo ndiyo kazi. Hata hivyo. Na wakati tuko hapo: ngazi ndefu, kuogelea peke yako, na kufunga mlango wa bafu kwa ufunguo, pia viache kwanza.

Nikihisi inakuja nifanye nini? Na wenzangu kazini huninyanyua wima na kunimwagia maji.

Wenzako wana upendo, lakini wanakuchelewesha kuzinduka. Aliyezimia anahitaji damu irudi kichwani, na ukimsimamisha unaivuta chini. Wakulaze chali, wainue miguu, walegeze kola, na wasikupe kitu mdomoni mpaka uwe macho kabisa. Ukibaki bila fahamu lakini unapumua, wakugeuze ubavu. Usipozinduka ndani ya dakika moja au mbili, waite msaada. Usipopumua, waite papo hapo na waanze kukandamiza kifua. Wafundishe siku ambayo hujaanguka.

Wewe ukihisi dalili, lala chini. Aibu ya kulala ukumbini ni ndogo kuliko ya kushonwa kidevu. Nimeonja zote mbili. Kama huwezi kulala, pachika mguu mmoja juu ya mwingine, kaza mapaja na makalio, kamatanisha vidole vya mikono na uvute kama unataka kuvitenganisha. Presha hupanda kidogo na kukupa muda wa kufika chini. Kunywa maji ya kutosha kila siku husaidia wengi wenye vasovagali. Chumvi ya ziada pia hushauriwa, ila si kwa mwenye presha ya juu, figo au moyo, kwa hiyo uliza kwanza.

Daktari anataka kunipandikiza kifaa cha kurekodi moyo chini ya ngozi. Nilivaa kile cha saa 24 na hakikuona kitu. Kuna haja?

Wewe unazimia mara ngapi? Ulisema katika barua, kila miezi mitatu au minne. Basi fikiria: kifaa cha saa 24 kilikuwa na bahati gani ya kukukuta? Kisipoona kitu siku ambayo hukuanguka, hakijasema lolote kuhusu siku unayoanguka. Hiki cha chini ya ngozi hukaa miaka, kwa kawaida miwili mitatu au zaidi, kikisubiri nawe.

Changu kina ukubwa wa kijiti kifupi cha kiberiti kilichonenepa. Kiliingizwa upande wa kushoto wa kifua kwa ganzi ya sehemu hiyo tu, muda mfupi kuliko niliokaa nikisubiri kuitwa. Kisha miezi kumi na minne ya kimya. Nilifika mahali nikawa natamani kuanguka, jambo ambalo usimwambie mama yako.

Siku ilipokuja nilikuwa natandika kitanda. Kwenye karatasi daktari alinionyesha mapigo yanayokwenda yakipunguza mwendo, kisha mstari mtupu, sekunde tisa, kisha pigo moja, na lingine. Hakuharakisha kunipa betri ya moyo, kifaa kinachousukuma moyo upige unapochelewa. Alinieleza kuwa katika vasovagali moyo kupunguza mwendo ni nusu ya hadithi. Daktari wa Uingereza, Thomas Lewis, alishaonyesha mwaka 1932 kwamba hata mapigo yakiharakishwa kwa dawa, presha inaweza kubaki chini kwa sababu mishipa imelegea. Kwa umri wangu, uliopita arobaini, na sekunde zile tisa, tuliamua betri inafaa kujaribiwa. Kwa kijana angeshauri vingine.

Nimewekewa mwaka jana mwezi wa tisa. Tangu hapo nimeanguka mara moja, na mara hiyo nilikuwa na nafasi ya kukaa chini kwanza.