Ripoti ya mazingira inasema athari ni ndogo: tuisomeje?

SWALI: Heshima yako, mtaalamu. Juu ya kijiji chetu kuna mradi wa nyumba 2,400 kwenye hekta 240 za mashamba na malisho. Utajengwa kwa awamu nne, na tumeletewa ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira ya awamu ya kwanza peke yake: nyumba 600, hekta 60. Maji ya mvua na majitaka yaliyosafishwa yataelekezwa kwenye kijito kinachopita kwetu. Ripoti ina kurasa zaidi ya 400, na karibu kila jedwali linaishia na maneno "athari ndogo baada ya hatua za kupunguza". Tuna siku 30 za kutoa maoni. Sisi si wahandisi, na hatupingi watu kupata makazi. Tuanzie wapi?

JIBU: Ndugu zangu, anzeni mwisho. Zile kurasa 400 zimepangwa ili msomaji achoke kabla ya kufika kwenye mpango wa usimamizi wa mazingira, ambao kwa kawaida ni jedwali lililo nyuma kabisa, na ndimo zilimo ahadi zote ambazo maneno "athari ndogo" yanazitegemea. Ripoti haisemi kwamba athari ni ndogo. Inasema zitakuwa ndogo iwapo kuna mtu atafanya jambo fulani. Kazi yenu ni kutafuta mtu huyo ni nani, atafanya nini hasa, na lini.

Chukueni kalamu, mpitie jedwali hilo mstari kwa mstari. Kila ahadi ipimeni kwa mambo matatu: ina kipimo? Ina wakati? Ina mwenyewe? "Maji ya mvua yatasimamiwa ipasavyo" haina hata kimoja. "Bwawa la kuzuia mafuriko lenye ujazo wa mita za ujazo kadhaa, lijengwe na mwendelezaji na kukaguliwa kabla ya nyumba ya kwanza kukaliwa" ina vyote vitatu, mkishaijaza ile "kadhaa".

Nasisitiza wakati kwa sababu niliumia nao. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu nilishiriki kuandaa masharti ya kibali cha mradi mmoja wa makazi. Tuliandika kwamba mtambo wa kusafisha majitaka ukamilike "kabla ya mradi kukamilika". Sote tulilisoma sharti lile na hakuna aliyeona kasoro. Awamu mbili zikajengwa, watu wakahamia, kisha fedha zikaisha na awamu ya mwisho haikujengwa kamwe. Kwa hiyo mradi haukukamilika, na kisheria siku ya kudai mtambo haikufika. Majitaka yalikwenda mtoni miaka kadhaa, na waliokaa chini ya mto ndio waliobeba gharama ya neno moja tuliloliandika vibaya. Tangu hapo siweki saini kwenye sharti lisilofungwa na hatua inayoonekana kwa macho: kabla ya kuchimba msingi, kabla ya nyumba ya kwanza kukaliwa, kabla ya nyumba ya 300 kukaliwa.

Sasa tuje kwenye lile linalonitia wasiwasi zaidi katika maelezo yenu, yaani kutathmini awamu moja ilhali mradi mzima unajulikana.

Nitatumia majitaka, maana hesabu yake ni nyepesi. Tukichukua watu 5 kwa nyumba, awamu ya kwanza ina watu 3,000. Kila mmoja akitumia lita 150 za maji kwa siku, na asilimia 80 ya maji hayo yakarudi kama majitaka, tunapata mita za ujazo 360 kwa siku, ambazo ni kiasi cha lita 4 kwa sekunde. Tuseme kijito chenu wakati wa kiangazi kinapitisha lita 50 kwa sekunde. Hapo maji yaliyotoka mtamboni yatakuwa chini ya sehemu moja ya kumi ya maji yanayowafikia. Mwandishi wa ripoti anaweza kuandika "athari ndogo" akiwa mkweli kabisa. Lakini rudieni hesabu hiyo kwa nyumba 2,400: watu 12,000, mita za ujazo 1,440 kwa siku, karibu lita 17 kwa sekunde. Sasa robo ya maji ya kijito chenu wakati wa kiangazi imetoka mtamboni. Mtambo ukifanya kazi vizuri, hilo linaweza kuvumilika. Umeme ukikatika siku mbili, hicho si kijito tena. Uchafu unaooza wa mtu mmoja huhesabiwa kuwa unahitaji gramu 60 za oksijeni kwa siku, kipimo ambacho sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 1991 kuhusu majitaka ya mijini imekifanya kuwa kizio chake. Kwa watu 12,000 hiyo ni kilo 720 kila siku, na usipoondolewa mtamboni, oksijeni hiyo itafyonzwa kwenye maji wanamoishi samaki na vyura.

Kila awamu ikipimwa peke yake itaonekana ndogo, na ya nne itakapofika, hali iliyoharibiwa na tatu za mwanzo ndiyo itakayoitwa "hali ya kawaida ya kijito". Mbinu hii ya kukata mradi vipande inajulikana tangu zamani. Mwaka 1999 Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua dhidi ya Ireland, iliyokuwa imeweka viwango vya ukubwa wa eneo peke yake katika kuamua mradi upi ufanyiwe tathmini, bila kuangalia mahali mradi ulipo wala athari za miradi inayolundikana pamoja. Hoja yenyewe haihitaji mahakama ili ieleweke: kijito hakijui mipaka ya awamu. Kwa hiyo ombi lenu la kwanza liwe hili: athari kwa maji zitathminiwe kwa nyumba zote 2,400, pamoja na miradi mingine iliyokwisha kupata kibali kwenye bonde hilo hilo, hata kama kibali kinachoombwa leo ni cha nyumba 600.

Majibu mtakayopewa nayafahamu. Mtaambiwa awamu zinazofuata bado hazina uhakika. Waulizeni kwa upole: barabara kuu ya mradi na bomba kuu la maji vimesanifiwa kwa nyumba ngapi? Tazameni kipenyo cha bomba kwenye michoro. Kama limewekwa la kutosha nyumba 2,400, basi kuna mtu mwenye uhakika wa kutosha kulilipia.

Maji ya mvua yanahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa ndiko ahadi zinakofichika kirahisi. Ardhi ya malisho hunywa sehemu kubwa ya mvua. Paa na lami hazinywi. Wahandisi wana kanuni ya kukadiria kilele cha maji, yaani mtiririko mkubwa kabisa wakati wa mvua, kwenye eneo dogo: zidisha kigawo cha mtiririko (sehemu ya mvua inayotiririka bila kuzama ardhini) kwa nguvu ya mvua kwa milimita kwa saa, kisha kwa hekta, ugawe kwa 360. Kwa malisho kigawo kinaweza kuwa 0.2, kwa makazi yenye lami na paa nyingi 0.6. Mvua ya milimita 60 kwa saa kwenye hekta 60 za awamu ya kwanza inatoa mita za ujazo 2 kwa sekunde leo, na 6 baada ya ujenzi. Ni mara tatu, na kwa kweli huzidi, kwa sababu mitaro hufikisha maji chini haraka kuliko nyasi.

Dawa yake ni bwawa linalokamata maji na kuyaachia kidogokidogo. Mvua hiyo ikinyesha saa nzima, na bwawa likaruhusiwa kuachia mita za ujazo 2 kwa sekunde kama zamani, linatakiwa kushika tofauti ya mita za ujazo 4 kila sekunde kwa muda wa sekunde 3,600, yaani mita za ujazo 14,400. Likiwa na kina cha mita 1.4 za maji, hilo ni bwawa la zaidi ya hekta moja. Fungueni ramani ya mradi. Hekta hiyo iko wapi? Mara nyingi nimeikuta imeandikwa "uwanja wa michezo" au imeshakatwa viwanja. Hesabu yangu ni ya kukisia tu, na mhandisi wao ataleta iliyo bora, lakini kama ripoti haina ujazo wa bwawa na haionyeshi lilipo, basi hapo hakuna hatua ya kupunguza athari. Kuna sentensi tu.

Kuna jambo jingine ambalo hata wenzangu hulisahau. Bwawa linapunguza kilele, halipunguzi kiasi. Maji mengi yaliyokuwa yakizama ardhini sasa yanashuka kwenu, ila kwa saa nyingi zaidi. Kijito kinachokaa kimejaa hadi ukingoni kwa muda mrefu hukata kingo zake. Tena mabwawa manne ya awamu nne, kila moja likiachia maji kwa kuchelewa, yanaweza kufikisha maji yao kwenu kwa wakati mmoja na mkondo mkuu unaotoka juu, na mafuriko yakazidi yale ya bila mabwawa. Ndiyo maana msikubali hesabu inayoishia kwenye lango la mradi. Ombeni mchoro wa mtiririko wa maji kwa saa, kabla na baada, kwenye daraja lenu. Na maji yasiyozama leo ni maji ambayo hayatatoka kwenye chemchemi wakati wa kiangazi, kwa hiyo ulizeni pia kuhusu visima.

Hayo yote yanasimama juu ya msingi mmoja, yaani hali ya awali. Nendeni kwenye sura inayoeleza kijito kilivyo sasa, mtazame tarehe za vipimo. Ripoti moja niliyopewa niikague ilikuwa na vipimo vya mto vya siku mbili, zote za kiangazi, kisha ikatumia vipimo hivyo kueleza mafuriko. Ndege na amfibia walihesabiwa asubuhi moja, msimu ambao vyura hawalii. Nilirudisha ripoti. Kijito kipimwe angalau kiangazi na masika. Bila hivyo hakuna atakayeweza kuthibitisha baadaye kwamba kimeharibiwa, na mzigo wa ushahidi utawaangukia ninyi.

Msiache pia sura ya njia mbadala. Sheria ya Marekani ya sera ya mazingira, iliyotiwa saini tarehe 1 Januari 1970 na ambayo nchi nyingi ziliiga mfumo wake, ilitaka tangu mwanzo serikali ieleze njia mbadala za jambo inalokusudia. Sura hiyo ikiwa na kurasa mbili, na njia mbadala pekee ikiwa "kutojenga chochote", ina kasoro. Hamkatai makazi, mmesema vizuri, na hapa ndipo mnapoweza kulionyesha hilo kwa vitendo. Pendekezeni nyumba hizo hizo 2,400 zikusanywe kwenye eneo dogo zaidi, kwa majengo ya ghorofa mbili au tatu, na ukanda wa kijito na ardhi oevu ubaki wazi. Idadi ya familia haipungui, lami inapungua. Kwa miaka mingi nimeona pendekezo la aina hii likisikilizwa kuliko barua kumi za "hatutaki".

Msongamano wa magari, vumbi na kelele za ujenzi vitakuwa vimeandikwa kwa kirefu, na kwa kawaida vimeandikwa vizuri, maana vipimo vyake ni rahisi. Angalieni tu kama hesabu ya magari imefanywa saa za asubuhi na jioni, na kama malori ya ujenzi yamepewa njia isiyopita mbele ya shule.

Kuhusu maoni yenyewe: andikeni kwa maandishi, hata kama kuna mkutano wa hadhara na mmepewa nafasi ya kusema. Kanuni ya 10 ya Azimio la Rio la mwaka 1992 inatambua haki ya wananchi kupata taarifa na kushiriki maamuzi ya mazingira, lakini kinachobaki kwenye jalada ni karatasi. Kila hoja itaje ukurasa, ieleze kinachokosekana, na ipendekeze sharti kamili ambalo ofisa anaweza kulinakili kwenye kibali bila kubadilisha neno. Kurasa tano za namna hiyo zinatosha. Sahihi 500 chini ya malalamiko ya jumla hazimpi ofisa kitu cha kuandika kwenye kibali. Ombeni pia mpewe nakala za ripoti za ufuatiliaji kila robo mwaka, na kijiji kitajwe kwa jina kwenye sharti hilo.

Wakati mkisubiri majibu, pimeni kijito wenyewe. Chagueni sehemu iliyonyooka ya mita 10, tupeni kipande cha mti, mhesabu sekunde. Rudieni mara tano mpate wastani. Upana kwa mita, mara kina cha wastani, mara mwendo kwa sekunde (mita 10 mgawe kwa wastani wa sekunde), kisha zidisheni kwa 0.8, kwa kuwa maji ya chini huenda polepole kuliko ya juu; jibu ni mita za ujazo kwa sekunde, na kila moja ni lita 1,000. Kijito cha upana wa mita 1 na kina cha sentimita 25, ambacho kipande cha mti kinakipita mita 10 kwa sekunde 40, kina lita 50 kwa sekunde. Andikeni tarehe, majina ya waliokuwapo, na picha. Kwenye nguzo ya daraja choreni mistari ya rangi kila sentimita 10, na mvua kubwa ikinyesha mtu mmoja aende akapige picha ya maji yalipofika, saa ionekane. Fanyeni hivyo tangu wiki hii, kabla trekta la kwanza halijafika.